Winga Mwembamba na Dau la Milioni 58

Kupanda dau kwa ajili ya winga mwenye umbo dogo ni uamuzi wa matumizi kabla haujawa uamuzi wa fedha. Klabu inayojua itampanga wapi, nani atampasia na nani atamalizia krosi zake inaweza kulipa kuliko wenzake na bado ikatoka na faida. Azam FC ilikuwa na majibu hayo ilipomchukua Mrisho Ngassa kutoka Yanga mwaka 2010 kwa sh. milioni 58, dau lililotikisa soko la wachezaji wa ndani wakati ule. Kosa halikuwa hapo. Kosa lilifanyika Agosti 2012, pale klabu hiyo hiyo ilipomwachia kwenda Simba kwa sh. milioni 25.

Mwaka 2010 wapo waliodhani Azam imetupa fedha. Ngassa, mtoto wa Khalfan Ngassa aliyetamba na Pamba na Simba, alikuwa amekwenda kufanya majaribio West Ham United mwaka uliotangulia na kurudi bila mkataba, na vijiweni ikasemwa kwamba mwili ndio uliomwangusha. Hoja hii ya mwili imelitesa soka la Tanzania muda mrefu. Winga hapimwi kwa kugombea mipira ya juu. Hupimwa kwa hatua zake za kwanza baada ya kupokea mpira, na kwa kile anachomfanya beki aogope. Ngassa alipokea akiwa tayari amegeuka nusu, uso ukielekea lango la wapinzani. Beki wa pembeni akimsogelea, alipitwa. Akirudi nyuma, aliacha uwanda mzima kwa viungo wa Azam. Katikati alisimama John Bocco na urefu wake, kwa hiyo mabeki wa kati nao hawakuthubutu kutoka kwenda kumsaidia mwenzao. Mfupi pembeni na mrefu katikati: kila mmoja alimfungulia mwenzake.

Matokeo yalijieleza. Msimu wa 2010/11 Ngassa akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu na Azam ikamaliza ya 3. Msimu uliofuata kiatu cha mfungaji bora kikaenda kwa Bocco, na Azam ikashika nafasi ya 2. Dau la milioni 58 lilikuwa limerudi.

Kisha ikaja Julai 2012 na Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam. Katika nusu fainali dhidi ya AS Vita ya Kongo, Ngassa alitokea benchi na kufunga bao la ushindi, Azam ikashinda 2-1. Baada ya mchezo alikwenda kwa mashabiki wa Yanga na kuibusu jezi ya klabu yake ya zamani. Waliotazama wanakumbuka zaidi ile jezi kuliko lile bao, na viongozi wa Azam nao walikumbuka hivyo hivyo. Siku 2 baadaye Yanga iliifunga Azam 2-0 katika fainali, kwa mabao ya Hamis Kiiza na Said Bahanuzi, na hasira ikakosa pa kupozwa. Ngassa akawekwa sokoni.

Hapa ndipo uamuzi unapostahili kuchambuliwa polepole. Kubusu jezi ya wapinzani ni utovu wa nidhamu, na nidhamu ina adhabu zake: faini, kusimamishwa, kukaa jukwaani mwezi mzima, kuomba radhi hadharani. Adhabu zote hizo humwacha mchezaji akiwa mali ya klabu. Azam ilichagua njia iliyoiadhibu yenyewe. Kila mnunuzi nchini alijua kwamba muuzaji amekasirika na anataka kumaliza haraka, na muuzaji wa namna hiyo hupangiwa bei. Yanga ilifika na dau dogo, Simba ikaongeza kidogo na kumchukua. Mchezaji wa miaka 23, aliyekuwa mfungaji bora misimu 2 tu nyuma, akaenda kwa chini ya nusu ya bei aliyonunuliwa.

Mnunuzi mwenyewe ni kosa jingine. Simba ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, na Azam ndiyo iliyomaliza nyuma yake. Kumpa mpinzani unayemfukuzia mchezaji anayejua udhaifu wa kila beki wako ni jambo ambalo hata fedha nyingi hazilihalalishi, sembuse milioni 25. Kama kuuza kulikuwa lazima, njia ilikuwa nje ya nchi. Soko hilo lilikuwepo: mwaka 2011 Ngassa alikuwa amekwenda Seattle Sounders ya Marekani na kuingia uwanjani dhidi ya Manchester United. Ushahidi mkubwa zaidi ukafika Desemba 2012, El Merreikh ya Sudan ilipoweka mezani dola 75,000. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule hizo ni zaidi ya mara 4 ya fedha za Agosti. Ngassa aliikataa safari hiyo, lakini bei ya kweli ilikuwa imeshatajwa mbele ya wote.

Namna ya kumtoa nayo ilikuwa mbovu. Azam iliuita mkopo, Simba ikamtendea kama mali yake, na mkataba ulikuwa unakwisha baada ya msimu 1 tu. Mwaka 2013 akarudi Yanga, huku Simba ikidai kwamba ina mkataba naye. TFF ikamruhusu kuichezea, ikamfungia mechi 6 na kumtaka ailipe Simba sh. milioni 45. Klabu iliyopanda dau hadi milioni 58 haikubaki na mchezaji wala bei yake.

Wapo wanaojibu kwamba Azam ilitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Ngassa hakuwepo. Ni kweli, na sifa ziende kwa Joseph Omog na kikosi chake. Lakini ubingwa wa mwaka huo hauifanyi biashara ya 2012 kuwa njema. Msimu huo huo, akiwa Yanga, Ngassa aliifunga Komorozine ya Komoro mabao 3 nyumbani na 3 ugenini katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Huyo hakuwa mchezaji aliyekwisha.

Kosa la upande wa pili lipo Marekani, katika mchezo mwingine. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hugawa wachezaji wapya kwa zamu, na klabu inayotaka kuchagua mapema huinunua zamu ya mwenzake. Mwaka 2013 St. Louis Rams ilizitoa kwa Buffalo Bills zamu za 16, 46, 78 na 222 ili ipate ya 8 pamoja na ya 71, na kwa ile ya 8 ikamchukua mpokeaji Tavon Austin, mwenye kimo cha sentimita 174 na uzito wa kilo 79. Kwa jedwali la thamani linalotumiwa na klabu za huko, mizani ilikaribia kulingana. Kilichokosekana ni matumizi. Rams haikuwa na mpango wa kumfungulia nafasi, ikawa inampa mipira mifupi katikati ya msongamano. Hakufikisha yadi 1,000 za kupokea katika msimu wowote, na mwaka 2018 alipelekwa Dallas Cowboys kwa zamu ya raundi ya 6. Rams ilinunua bila kujua matumizi. Azam iliyajua matumizi na bado ikauza.

Wazee wa soka hawakuhitaji kufundishwa haya. Abdallah Kibadeni wa Simba hakuwa mrefu, na Julai 1977 aliifunga Yanga mabao 3 katika kipigo cha 6-0. Edibily Lunyamila alikuwa mwembamba, na Yanga ilimpa winga nzima aifanyie kazi. Hakuna aliyewaambia wakanenepe kwanza. 

Jambo hili ni zito zaidi mbali na Dar es Salaam. Ngassa alikulia Mwanza na kupita Toto African na Kagera Sugar, mahali ambapo Ligi Kuu ilimwona wiki baada ya wiki. Katavi haina klabu ya Ligi Kuu. Kijana wa Ikola, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, huonekana katika mashindano ya shule za msingi na sekondari, Umitashumta au Umisseta: timu ya kata, kisha ya wilaya, kisha safari ya Mpanda kuchujwa kwa ajili ya mkoa. Kila hatua ina siku chache na macho machache. Mwili mkubwa huonekana kwa dakika 5. Hatua ya kwanza ya winga mwembamba huhitaji mechi nzima, mpira upite upande wake, na beki anayemkaba kweli. Walimu wanaochagua timu za Ikola, Karema na Mpanda wampe mtoto wa namna hiyo angalau mechi 2 kamili, kwenye winga yake mwenyewe, kabla ya kumkata jina.