Asofunzwa na Mamaye: Riwaya za Kumpa Kijana

Shairi humfikia mtoto wa pwani kwa sikio kabla hajajua kusoma. Hulisikia arusini, maulidini, redioni na barazani, na akitimia miaka kumi huwa ana beti kadhaa kifuani bila ya kukumbuka alizipata wapi. Riwaya haina njia hiyo. Haiimbwi wala haighaniwi. Hukaa ndani ya jalada lake ikingoja mtu aitoe kabatini na kuitia mkononi mwa mwengine. Ndiyo maana nyumba yenye mapenzi makubwa ya ushairi yaweza kumlea kijana ambaye hajawahi kumaliza riwaya hata moja ya Kiswahili kwa hiari yake.

Umri unaohusika hapa ni wa baina ya miaka 12 na 18. Akishavuka ngano za sungura na fisi, kijana hukutana na riwaya kwa mara ya kwanza katika orodha ya mtihani, na hutakiwa aorodheshe maudhui na tamathali za semi kabla hajapata nafasi ya kuzama katika kisa. Nyumbani nako, mzazi akishauriwa juu ya kitabu, suala lake la mwanzo huwa: kina mafunzo gani? Suala hilo si baya, lakini huulizwa mapema mno. Kijana huanza kusoma kwa kutaka kujua nani kaua, nani atarudi, nani ataolewa na nani. Anayemkabidhi kitabu hana budi kuiheshimu hamu hiyo, na kila bahari ya riwaya ina hamu yake.

Wa kuanza naye, kwa msomaji wa miaka 12 au 13, ni Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na ndani yake akazaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na subira. Maiti inapatikana mahali panapoogopwa kwa mizimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wa kale ndio waliotenda. Bwana Msa hataki kuamini. Hutazama, huuliza, huunga jambo na jambo mpaka akamfikia binaadamu mwenye damu na sababu. Wahakiki wamekwisha kuonyesha deni la Bwana Msa kwa Sherlock Holmes, na Najum ni wazi amekaa pahala pa Watson. Deni hilo halimpunguzii kijana faida. Anachokipata ni akili inayokataa kutishwa, na lugha ya mazungumzo ya Unguja iliyojaa mzaha na vijembe. Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974) zaweza kufuata. Aibu ya vitabu hivi ni kwamba Bwana Msa hupenda kujisikiliza, na mwisho wa kisa huwa na maelezo marefu kupita haja. Msomaji kijana huyaruka maelezo hayo na kwenda zake, aachwe ayaruke.

Kwa yule anayependa maajabu, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) bado haijachakaa. Liwali mwema anayesifika kwa uadilifu huwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku, kisha huwabembeleza. Kwa nini? Kitendawili hicho hutangulia, na maelezo ya husuda ya ndugu, ya safari na majini huja baadaye, kwa mpango wa masimulizi ambao msomaji wa Alfu Lela Ulela ataujua mara moja. Walimu wameifanya hadithi hii kuwa somo la wema na ubaya. Usiku wa mijeledi ndio unaomshika kijana, na wema humwingia akiwa hana habari. Baada yake inafaa apewe Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kutua katika nchi isiyokuwa na dhuluma za kwao. Jina la nchi hiyo ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Mahubiri ya kisiasa yamezidi katika nusu ya mwisho, lakini riwaya za Kiswahili zinazothubutu kutoka nje ya dunia ni chache, na kijana aliyezoea filamu za anga ataona kwamba lugha yake nayo yaweza kupaa.

Hamu ya tatu ni ya safari. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) imesomwa sana katika skuli za Kenya, na pwani ina haki nayo, kwa kuwa inaanzia Tanga, kwa mama mwimbaji wa taarabu. Mwanawe, Msanifu Kombo anayeitwa Kongowea Mswahili, anaondoka akiwa yatima kumtafuta baba asiyemjua, akavuka mpaka hadi Kitale. Shujaa huyu amepewa vipaji vingi mno na sadfa humpokea kila njia panda. Hata hivyo hamu ya mtoto ya kujua ametokana na nani imeandikwa kwa ukweli unaozishinda kasoro hizo.

Kando yake iwekwe Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Nobel. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz, akidhani anakwenda matembezi, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Msafara unaingia bara, Wajerumani wako njiani, na mtoto anakua akitazama watu wazima wakipatana bei juu ya vitu na juu ya roho za watu. Siku Njema humwambia kijana kwamba mwenye kutafuta hupata. Peponi haimwahidi hivyo. Aliyezisoma zote mbili, moja baada ya nyengine, atakuwa na jambo la kuwauliza wakubwa.

Kwa historia, Kuli ya Adam Shafi (1979) humleta msomaji bandarini Unguja hadi kwenye mgomo mkuu wa mwaka 1948. Mtoto Rashidi anakua katika nyumba ya mchukuzi wa mizigo, na kijana anayesoma leo hupata kujua mgomo ule ulivyonuka jasho na vumbi, jambo ambalo tarehe za kitabu cha historia haziwezi kumwambia. Wema na wabaya wamegawanywa kwa kisu kikali kupita maisha yalivyo, na kasoro hiyo yafaa kuzungumzwa na msomaji wa miaka 15, maana ndio umri wa kupenda mgawanyo wa namna hiyo.

Hadi hapo wazazi wengi hawatakuwa na ugomvi. Ugomvi huanza kwa riwaya za nyumba na mapenzi, zile ambazo binti huzificha chini ya mto. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilizuiwa skulini kwa uwazi wake kabla ya kuja kukubaliwa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ina madanguro na ulevi. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) ina msichana anayeikimbia nyumba ya baba na kuangukia mjini. Hofu ya mzazi inaeleweka. Lakini mwenye kuzisoma riwaya hizi kwa utulivu ataona kwamba zote tatu zinamsemesha yeye.

Katika Rosa Mistika, mzee Zakaria wa Ukerewe anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo hakimfundishi Rosa lolote juu ya wanaume ila kuwaogopa, na siku anapokuwa mbali na fimbo ya baba hana silaha nyengine. Katika Utengano, Maksuudi, bwana mkubwa mwenye siri zake nje, anamfungia Maimuna ndani. Binti anapotoka hajui kumtofautisha mwema na mbaya, na waliokuwa na kisasi na baba wanampata kwa wepesi. Katika Nyota ya Rehema, Fuad anampuuza mwanawe kwa ajili ya rangi yake, na Rehema anaondoka akitafuta kwa wageni kile alichokikosa kwao. Waandishi watatu, wawili wa visiwa vya bahari na mmoja wa kisiwa cha ziwa, walifika mahali pamoja ndani ya miaka kumi: kilichowaangusha mabinti hawa ni kufungiwa, kupigwa na kutupwa, na ujinga waliowekwa ndani yake kwa jina la heshima.

Kwa hiyo mzazi anayemficha binti Utengano anaigiza, bila ya kukusudia, kitendo cha Maksuudi. Wahenga walisema asofunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ada ya skuli ya ulimwengu ni kubwa, na riwaya ni pahala ambapo kijana anaweza kuyaona malipo yake bila ya kuyalipa yeye. Machozi ya Maimuna hukauka juu ya ukurasa. Hili halina maana kwamba kila kitabu ni cha kila umri. Rosa Mistika, yenye mwisho mzito wa kujitoa roho, haifai kuachiwa mtoto wa miaka 13 peke yake, na hata kwa wa 17 inafaa mtu mzima awe ameisoma na awe karibu. Kukaa karibu na msomaji ni kazi ngumu kuliko kufunga kabati, na ndiyo kazi inayotakiwa.

Baada ya huzuni hizo inafaa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), iliyofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anaivunja ndoa hiyo, anapokelewa na Mwajuma, na kumpenda Denge, mpigania uhuru anayesakwa na serikali ya kikoloni. Denge ana moyo wa chuma kiasi cha kuwa mgumu kusadikika. Yasmin ndiye binaadamu wa kitabu hiki: huchagua, hukosea, huchagua tena. Yeye anaonyesha kasoro ya rafu nzima iliyopangwa hapa, ambayo wengi wa mabinti wake hutendwa kuliko wanavyotenda. Wa kutafuta, wa kusafiri na wa kufumbua siri ni mvulana au mwanamme. Bwana Msa bado hana mwenzake wa kike mwenye sifa kama zake, na mwandishi atakayemtia binti wa miaka 15 katika kazi hiyo, katika vichochoro vya Mji Mkongwe au bandari ya Wete, atakuta wasomaji wanamngojea.

Hadi atakapopatikana, vitabu vilivyopo vinatosha kuanzia. Mwenye nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale aitoe kabatini, ampe kijana aliye karibu naye, na asimwulize alichojifunza. Amwulize nani kaua.