Familia, Kazi na Ukengeushi: Kumsoma Kafka Tukiwa Karatu

Anayepanda kutoka lango la Lodoare kufuata ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita kaburi la kijana wa Kijerumani, Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959. Baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa hapo hapo. Kwa wengi wa Karatu na Ngorongoro, maandishi ya Kijerumani ni hayo tu: kitabu na filamu ya baba na mwana kuhusu Serengeti, ambamo wanyama wanahesabiwa kwa uangalifu mkubwa na mfugaji anaonekana kama mgeni aliyezidisha siku zake. Sisi tunataka kuzungumzia maandishi mengine ya lugha hiyo hiyo, ya mtu ambaye hakuwahi kuiona Afrika, lakini ambaye swali lake limo ndani ya nyumba zetu.

Franz Kafka alizaliwa Prague mwaka 1883, Myahudi aliyeandika Kijerumani katikati ya Wacheki, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1924. Tangu 1908 hadi 1922 alikuwa mtumishi katika shirika la bima ya ajali za wafanyakazi. Kazi yake ilihusu vidole na mikono iliyokatwa na mashine, na fedha za kulipia hasara hiyo. Hadithi yake Die Verwandlung, yaani Mageuko, ilitoka mwaka 1915. Gregor Samsa, wakala wa vitambaa anayesafiri mji hadi mji, anaamka asubuhi moja akiwa amegeuka mdudu mkubwa.

Wadhanaishi wa baada ya Vita Kuu ya Pili walimfanya Gregor kuwa mfano wa binadamu wa mahali popote, aliyetupwa katika dunia isiyo na maana. Wahakiki wengi wa mrengo wa kushoto walimkataa kabisa. Lukács, mwaka 1958, alimpima Kafka na Thomas Mann, akamchagua Mann. Mwaka 1963, katika mkutano wa Liblice huko Chekoslovakia, wahakiki wa Kikomunisti wenyewe waligawanyika: je, ukengeushi unaweza kuwapo katika nchi iliyokwisha kuwaondoa mabepari? Wajumbe wa Ujerumani Mashariki hawakulipenda swali hilo. Sisi tunaona lilikuwa swali halali. Ukengeushi, kwa maana aliyoieleza Marx katika maandishi yake ya 1844, ni hali ya mfanyakazi kutengwa na anachokizalisha, na kazi yenyewe, na wenzake, na hata utu wake. Hakuna mahali alipoandika kwamba hali hiyo huishia kwenye kizingiti cha nyumba.

Hebu basi tuisome hadithi kwa kufuata fedha. Gregor, akiwa amelala chali na miguu yake mingi ikitapatapa, haliwazi sana umbo lake jipya. Anaiwaza treni aliyoikosa. Baba yake alifilisika miaka mitano nyuma. Wazazi wanadaiwa na mwajiri wa Gregor, naye amekwisha kupiga hesabu kwamba imebaki miaka mitano au sita ya kulilipa deni. Asubuhi hiyo hiyo karani mkuu wa kampuni yuko mlangoni kuuliza kulikoni. Tunaelezwa kwamba mwanzoni kijana alipoweka fedha mezani, nyumba nzima ilishangaa na kufurahi. Kisha wakazoea, wao kupokea na yeye kutoa. Baadaye inafunuka kwamba baba alikuwa na akiba aliyoificha, sehemu yake ikitoka katika mshahara wa mwanawe, akiba ambayo ingeweza kumfupishia utumwa ule. Gregor anayasikia hayo nyuma ya mlango, na anafurahi!

Hapo ndipo tunaposimama sisi, wala si kwenye mdudu. Kijana huyu alikwisha kugeuka kabla ya asubuhi ile. Alikuwa mkono unaoleta fedha, na mkono ule ulipokatika, kilichobaki hakikuwa na jina ndani ya nyumba. Baba aliyekuwa akisinzia kitini anakuwa tarishi wa benki, na sare haivui hata akiwa nyumbani. Mama anashona nguo za duka. Grete, dada mtu, ambaye Gregor alipanga kumsomesha muziki, anauza dukani. Chumba kinapangishwa kwa mabwana watatu. Baba anamrushia mwanawe matofaa, na moja linazama mgongoni na kubaki humo. Anayetamka kwamba kitu hicho lazima kiondoke ni Grete, ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula.

Sasa turudi Karatu. Mwaka 2019 watalii zaidi ya 1,500,000 walifika Tanzania. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, walishuka hadi kiasi cha 620,000. Mji ulio njiani kwenda langoni uliyaona maana ya tarakimu hizo kwa macho: wapishi, madereva na watandika vitanda walirudi nyumbani, wengi bila mshahara. Anayezifahamu nyumba za Rhotia, Mbulumbulu au Endabash anajua kilichofuata. Mwezi wa kwanza kijana aliyelipa karo na kununua mabati ya nyumba ya wazee alipokewa kwa pole. Mwezi wa tatu neno lake lilikuwa limepungua uzito, na ndugu aliyebaki na jembe katika mahindi na mbaazi ndiye aliyesikilizwa. Wengine waliteremka Mang'ola kufanya vibarua vya vitunguu kuliko kukaa wakitazamwa. Hatusemi kila nyumba ilikuwa hivyo; nyingi ziligawana kidogo zilichokuwa nacho bila kuhesabiana, na mhakiki asiyelisema hilo anadanganya.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro jambo lenyewe ni gumu zaidi. Huko kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi katika miaka ya 1990, kisha kikakatazwa tena. Kijana ambaye ng'ombe wa boma lao wamekwisha huenda mjini kulinda usiku milango ya watu, na anaporudi mikono mitupu hakuna jembe la kumpa. Tangu 2022 familia nyingine zimehamia Msomera, Handeni, na nyingine zimebaki. Mjadala wake ni mkubwa kuliko makala haya.

Tumelitaja jembe kwa makusudi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipoeleza msingi wa ujamaa, neno lenyewe alilitoa katika jamaa, na akaikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo imenukuliwa katika semina zetu mara nyingi mno, na mara nyingi imekuwa rungu. Gregor ni mgeni wa siku ya tatu asiyeweza kushika jembe. Ukiisoma methali peke yake, Grete ana haki. Lakini Azimio la Arusha la 1967 liliwataja waziwazi wanaostahili kutegemea jasho la wenzao: watoto, wazee, walemavu, na pia wale ambao taifa kwa wakati fulani halijaweza kuwapatia kazi. Hilo la mwisho husahauliwa. Wapishi na madereva wa 2020 walikuwa humo. Jamaa inayomthamini mtu kwa bahasha ya mwisho wa mwezi imekwisha kuwa duka, hata ikiendelea kuitana ndugu, na Chama kikiichukulia kuwa msingi tayari wa ujamaa bila kuichunguza kitakuwa kimejenga juu ya mchanga.

Aliyelijaribu swali hili kwa Kiswahili ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kazimoto anarudi kisiwani kutoka chuo kikuu akiwa mgeni kwa jamaa yake mwenyewe. Rafiki yake wa utotoni, Manase, amekuwa mkubwa serikalini na amemharibu Rukia, dada yake Kazimoto. Mwisho Kazimoto anajiua. Riwaya hiyo ililaumiwa kwa kukata tamaa. Lawama hiyo ilikuwa na chembe ya kweli, lakini ilitolewa haraka. Ni rahisi kumkaripia mwandishi kwa huzuni yake kuliko kuchunguza kwa nini elimu tuliyoitoa ilimrudisha kijana nyumbani bila lugha ya kusemezana na wazazi wake.

Upungufu wa Kafka ni mwingine. Gregor hana mwenzake hata mmoja. Mawakala wengine anawafikiria kwa wivu tu, kwamba wanastarehe yeye akihangaika. Mwandishi aliyeshinda mchana akisoma madai ya wafanyakazi walioumia hakumpa mfanyakazi wake hata jirani wa kubisha hodi. Anayebisha ni karani wa tajiri.

Gregor anakufa alfajiri, na mtumishi wa kufagia anauondoa mwili. Baba, mama na Grete wanachukua likizo ya siku moja, wanapanda tramu kwenda nje ya mji, na njiani wanapiga hesabu: kazi zao tatu si mbaya, nyumba ndogo zaidi itapunguza kodi. Kisha wazazi wanamtazama binti yao, wanaona amenawiri, na bila kusemezana wanakubaliana kwamba wakati umefika wa kumtafutia mume mwema.