Kibaba si Kilo

Walimu wengi wa Kiswahili kwa wageni huwafasiria wanafunzi vipimo vya jadi kwa mfumo wa metriki. Shibiri huwa sentimita 23 hivi, na dhiraa, yaani shibiri 2, huwa takriban sentimita 46. Kwa vipimo vya urefu tunaikubali mbinu hii, ingawa mikono ya watu hailingani.

Kasoro hujitokeza kwenye kibaba, ambacho mara nyingi hufasiriwa kwa kilo. Kibaba, ambacho ni robo ya pishi, ni kipimo cha ujazo. Kilo ni kipimo cha uzito. Kibaba cha mchele na kibaba cha unga havina uzito mmoja. Aidha, methali isemayo "Haba na haba hujaza kibaba" imejengwa juu ya kitenzi kujaza. Chombo hujaa, kilo haijai. Mwanafunzi aliyepewa kilo amenyimwa picha nzima ya methali.

Kwa maoni yetu, kibaba kielezwe kwanza kama chombo, kisha uhusiano wake na pishi, na makadirio ya metriki yaje mwisho. Tunawashauri walimu wenzetu waingie darasani na kopo na nafaka kidogo, wanafunzi wapime wenyewe.