Muongo nao una uongo wake

Hank Aaron alistaafu mwaka 1976 akiwa na homurani 755, yaani mara 755 aliupiga mpira akazunguka besi zote nne kwa pigo moja. Barry Bonds akaja kumpita, akamaliza mwaka 2007 akiwa na 762. Katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani hakuna aliyefika walipofika hao wawili. Lakini fungua orodha ya vinara wa homurani wa kila muongo, uwatafute: hayupo Aaron, hayupo Bonds.

Orodha hiyo hutengenezwa kwa hesabu ya mtoto wa shule. Unachukua misimu kumi, kuanzia mwaka unaoishia na 0 hadi ule unaoishia na 9, unajumlisha, unampa kiti mwenye jumla kubwa. Aaron alianza 1954, kwa hiyo miaka ya hamsini ilimpa homurani 179 tu. Miaka ya sitini akapiga 375, ya sabini 201. Kisu kimemkata vipande vitatu, na kile kinono kikakutana na Harmon Killebrew aliyekuwa na 393.

Sasa tuusogeze huo mkato. Tukianzia 1961 na kuishia 1970, Killebrew anazidi kupaa: 403 dhidi ya 373. Pengo la 30! Tusogee mwaka mmoja tena, 1962 hadi 1971. Killebrew anapoteza 46 za mwaka 1961 na kuokota 28 za 1971. Aaron anapoteza 34 na kuokota 47. Aaron 386, Killebrew 385. Msimu mmoja umefuta pengo lote, na hakuna aliyerudi uwanjani kupiga hata mpira mmoja wa ziada.

Mabaharia na wakulima wa pwani yetu nao walihesabu kwa miongo, ila yao ilikuwa ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na ilikwenda sambamba na pepo na mvua. Mkato wao ulikuwa na kazi. Mwaka unaoishia na 0 hauleti kaskazi wala kusi. Ni tarakimu tu iliyokaa vizuri machoni.

Bonds yeye alipasuliwa katikati: 361 miaka ya tisini, 317 iliyofuata. Mark McGwire na 405, kisha Alex Rodriguez na 435, wakapita kila mmoja kwenye dirisha lake.

Kuna aliyebahatika kwa upande wa pili. Aliyeongoza miaka ya tisini kwa mapigo yote ya kumfikisha mpigaji kwenye besi ni Mark Grace, 1,754, saba tu zaidi ya Rafael Palmeiro. Grace hakuwahi kufikisha mapigo 200 katika msimu hata mmoja. Siri yake ni kwamba alianza 1988, akawa amekwisha kuiva muongo ulipofunguliwa, na akacheza mfululizo hadi ulipofungwa. Mwaka 2009 wapiga kura wa Jumba la Heshima la besiboli walimpa asilimia 4.1, chini ya ile 5 inayohitajika ili jina lirudi mwaka unaofuata. Mimi naona walimhukumu vilivyo, ingawa hesabu ya muongo ingewapinga. Kinyume chake ni Ichiro Suzuki: alitoka Japani akaingia ligi hiyo mwaka 2001, msimu mmoja wa muongo ukiwa umeshapita, na bado akauongoza kwa mapigo 2,030. Huyo ndiye ninayemvulia kofia, kwa sababu dirisha lilimbana naye akalijaza.

Kwa timu hali ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa muongo huhesabu ushindi wa msimu wa kawaida, ilhali kombe hutafutwa Oktoba katika mechi chache za mtoano. New York Yankees waliongoza miaka ya themanini kwa ushindi 854 bila kutwaa ubingwa hata mara moja. Wakaongoza tena kuanzia 2010 hadi 2019, ushindi 921, mbili zaidi ya Los Angeles Dodgers. Safari hii hata fainali hawakuigusa. Dodgers waliigusa mara mbili, 2017 na 2018, wakapoteza zote. San Francisco Giants, wenye ushindi 821, mia nzima pungufu ya Yankees, walibeba kombe 2010, 2012 na 2014.