Swali Lililozimwa Cleveland

Mwongozaji Chris Wallace hakupaswa kufunga kipengele cha Mahakama ya Juu pale alipokifunga. Mengine ya mdahalo ule wa wagombea urais wa Marekani, Cleveland, Septemba 29, 2020, yanajadilika. Hili halina mjadala.

Turudi pale. Joe Biden ameulizwa kama yuko tayari kuongeza idadi ya majaji. Anakwepa: anasema akijibu tu, jibu lake ndilo litakalogeuka habari, kisha anawageukia watazamaji na kuwahimiza wapige kura. Amebanwa kweli. Kilichohitajika ni kimya cha sekunde mbili tatu, halafu swali lilelile lirudi. Badala yake mpinzani wake, Donald Trump, akaingia kwa kishindo, akamrushia swali hilohilo juu ya sauti yake, akarudia, akarudia tena, akidai na orodha ya majaji ambao Biden angewateua. Biden akamwambia anyamaze. Basi ikawa hilo ndilo la kukumbukwa, na jibu likapotelea hapo. Wallace, mwenye swali, akatangaza kwamba kipengele kimekwisha, akahamia cha pili.

Kumfokea mtu ni kumpandishia sauti. Kumzima ni kuhakikisha hasikiki. Trump alimzima mtu asiyetaka kusema, akamwokoa. Na mwongozaji akabariki wokovu huo.

Ukumbini sauti mbili hutoka pande mbili, sikio likachagua ya kufuata. Kwenye televisheni, zote mbili hupita kwenye spika ileile, zikawa uji. Wallace alipoingiza ya tatu, ya kusihi, alizidi kuharibu. Nimelisema sana katika safu hii na sitachoka: mwongozaji hashindani kwa koo. Husubiri, humtaja mtu kwa jina, humrudishia swali. Chicago mwaka 1960, mbele ya mwongozaji Howard K. Smith, wagombea urais Kennedy na Nixon walipewa dakika 8 kila mmoja za kufungua, na kila mmoja akamsikiliza mwenzake hadi mwisho. Mdahalo ulikuwa ule.

Oktoba 22, 2020, Nashville, Trump na Biden walipokutana tena, Kristen Welker aliongoza vizuri. Sifa wakapewa mafundi wa kuzima vipaza sauti, nami sikubaliani. Cha mpinzani kilizimwa katika dakika 2 za mwanzo za kila mgombea kwenye kila kipengele, basi. Biden alikwepa swali la Wallace wakati wa majibizano huru, na kwenye majibizano huru hata Nashville vipaza sauti vyote viwili viliachwa wazi.