Leleshwa si Zabibu

Mwaka jana nililipwa kuandika kuhusu divai ambayo sikuwa nimeinusa hata siku moja. Kazi ilikuja kwa simu kama kazi zangu nyingi: maelezo kumi ya chupa za divai ya mapovu kutoka mlima Etna, kule Sisilia, maneno themanini kila chupa. Nilikaa kwenye kibanda cha chai hapa Eldoret, maandazi mawili mezani, nikaandika bila aibu: “ladha ya volkano”, “zabibu za asili”, “pumzi ya mlima”. Mteja akafurahi, akalipa. Hakuna aliyeuliza kama nimeonja.

Maneno hayo yamenikera tangu siku ile. Nimeyarudia kuyasoma kama vile yameandikwa na mtu mwingine, na mtu huyo hakujua anachosema.

Tuanze na volkano. Mzabibu haunyonyi jiwe ukaliweka kwenye glasi. Kinachofanywa na udongo wa majivu na lava ni cha kawaida zaidi: maji yanapita haraka, mizizi inalazimika kushuka kuyatafuta. Mlima nao unaleta kimo, kimo kinaleta usiku wa baridi, na baridi inazuia uchachu usipotee kwenye tunda. Uchachu huo ndio mtaji wa divai ya mapovu. Zabibu ya Nerello Mascalese huchumwa mapema, ingali na ukali wake, ikakamuliwa taratibu ili ganda lake jeusi lisiachie rangi. Maji yake huchachuka mara ya kwanza, kisha hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa ikafungwa. Hamira inakula sukari, gesi inakosa pa kutokea. Msukumo ndani ya chupa unafika mara tano au sita ya ule wa hewa ya kawaida, ndiyo maana kizibo kinafungwa kwa waya. Hamira ikishakufa inabaki humo kwa miezi, na ndiyo inayoleta ile harufu ya mkate ambayo wapenzi wa divai huisifu sana. Habari kamili ndiyo hiyo, na ni tamu kuliko “pumzi ya mlima”.

Neno asili nalo lina historia ya kuchekesha. Katika karne ya 19 baroni mmoja wa hukohuko Etna, Spitaleri, alitengeneza kinywaji akakiita Champagne Etna. Zabibu aliyotumia? Pinot Noir, ya Wafaransa. Mlima wake, lava yake, lakini ili aheshimiwe aliona aazime zabibu ya wakubwa. Ikabidi tungoje hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo familia ya Murgo ikaanza kutoa mapovu kutokana na Nerello Mascalese, ambayo wenyeji walikuwa nayo shambani siku zote.

Sasa njooni Naivasha. Kule nako kuna volkano, Longonot iko palepale, na kuna mashamba ya mizabibu kwenye kimo cha karibu mita 1,900. Divai inayojulikana zaidi kutoka huko inaitwa Leleshwa. Nilinunua chupa ya Sauvignon Blanc yake, hii nikaionja kweli, mara mbili, jioni mbili tofauti. Ni divai safi. Ina limau, ina majani mabichi, na kwa tilapia wa kukaanga ilinyooka vizuri kabisa. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na jina. Leleshwa ni kichaka cha Bonde la Ufa, majani ya kijivu yanayonukia kama kafuri, ambayo Wamaasai wamekuwa wakijipaka kwapani tangu zamani, kabla ya manukato ya dukani. Ukifungua chupa ukitarajia hata chembe ya harufu hiyo utangoja sana. Sauvignon Blanc ni ya Ufaransa, Shiraz ni ya Ufaransa. Kilicho chetu ni ardhi, jasho na lebo. Yaani tuko alipokuwa baroni Spitaleri, ila yeye aliazima zabibu pamoja na jina, sisi tumeazima zabibu tukaivika jina la nyumbani.

Kuna anayeniambia basi tutafute zabibu ya asili. Tutafute wapi? Mzabibu wa divai ni mmea wa kaskazini mwa dunia, haukuwahi kuota wenyewe kwenye misitu yetu. Watanzania angalau wana zabibu nyekundu waliyoipa jina la Makutupora, karibu na Dodoma, palipo na kituo cha utafiti, nao huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna kipupwe cha kuulaza mzabibu. Lakini Dodoma ni nchi ya granaiti, si ya volkano.

Volkano tunayo hapa Uasin Gishu, ingawa hatuioni kwa sababu haina mlima. Uwanda huu wote ulimwagika kama lava zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, ukapoa, ukawa jiwe linaloitwa fonolaiti, kwa sababu ukiligonga linalia. Juu ya jiwe hilo tumelima wimbi, na wimbi ni wa kwetu bila kuazima: ulianza kufugwa kuwa zao kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Na kutokana na wimbi tuna kinywaji cha mapovu.

Shangazi yangu alikuwa mama pima. Busaa yake ndiyo iliyonilipia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu; mwaka wa pili askari walimwaga drum nzima mlangoni, na mwaka wa tatu sikurudi darasani. Kwa hiyo msiniombe nimwandikie huruma, nitamwandikia uhakiki. Busaa yake ya siku ya tatu ilikuwa na rangi ya udongo, nzito, uchachu wa maziwa lala kwanza halafu moshi wa unga uliokaangwa kwenye bati, na mapovu madogo yanayochoma ncha ya ulimi. Siku ya nne ilikuwa imeshageuka siki. Wauzaji wengine walificha siki hiyo kwa sukari, na wengine kwa vitu vibaya zaidi ambavyo vimeua watu nchi hii. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliifungulia pombe ya kienyeji mlango wa leseni na viwango, lakini mtu wa mkebe na drum moja anaingiaje hapo?

Na kuna kasoro nyingine, hii nilichelewa kuiona. Sehemu kubwa ya busaa ya Eldoret ni mahindi. Wimbi umebaki kuwa kimea tu, kiasi cha kuamsha chungu. Mahindi yalitoka Amerika, yakavuka bahari, yakapata bei, yakasukuma wimbi pembeni hadi ukawa wa uji wa watoto na wazazi waliojifungua. Kumbe hata chungu cha shangazi kina Sauvignon Blanc yake.

Nilimwambia hivyo Desemba. Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akanipa kilo mbili za wimbi, akaniambia nizilaze kwenye gunia bichi mpaka ziote, nizianike, nisage, nisichanganye na kitu. Tulichuja pamoja. Sehemu nikaitia kwenye chupa ya soda ya plastiki, kwa sababu ya kioo ingepasuka, nikaikaza kifuniko na kuiacha chini ya kitanda siku mbili. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilipoifungua nje, nusu yake iliruka hadi kwenye mabati. Iliyobaki ilikuwa nyembamba, kavu, chungu kidogo mwishoni, na mapovu yake hayakuisha hadi kikombe kilipoisha.

Shangazi alionja, akatema machicha, akasema ningechuja mara mbili.