Kinjeketile: Utabiri Ulipomponyoka Mtabiri

Ukishuka Barabara ya Morogoro kutoka Fire kwenda Jangwani, nguzo na kuta zimebandikwa matangazo ya waganga: nyota, mali, cheo, mpenzi aliyekimbia. Ng'ambo ya bonde, Magomeni, ndiko alikokuwa mnajimu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitangaza kwamba atakayejitokeza kushindana na Rais Kikwete ndani ya chama atakufa ghafla, na mjini watu wakabishana wee. Mashabiki wa timu mbili kubwa za soka zenye makao mitaa hii nao hawahitaji kuelezwa kwamba "kamati ya ufundi" ni ile inayokwenda kwa waganga kabla ya mechi.

Kwa hiyo mtunzi wa tamthilia anayemleta mtabiri jukwaani hapa Dar es Salaam ana nafuu moja: hana haja ya kuwashawishi watazamaji kwamba utabiri una nguvu. Kazi yake ni kuonyesha nguvu hiyo inapitia wapi hadi imwangushe mtu.

Mwaka 1968 Tanzania Publishing House ilichapisha Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Shakespeare. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, akatoa Kinjeketile, tamthilia kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Sidai kwamba mmoja alimfuata mwenzake. Ila ukizisoma kwa mfululizo unaona vipande vilevile vimepangwa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Wachawi watatu wanamtangazia Makbeth ubwana wa Cawdor, kisha ufalme. Hata hajapiga hatua, wajumbe wanamletea cheo cha kwanza. Hiyo ni arubuni, na mfanyabiashara yeyote wa Mtaa wa Kongo anajua kwamba ukishaipokea, moyoni mzigo umekwisha kuuuza. Wachawi hawamwambii aue. Hayo anayaongeza mwenyewe, mkewe akichochea. Baadaye anapewa mafumbo mawili, la msitu utakaotembea na la mtu ambaye hakuzaliwa na mwanamke, naye anasikia nusu inayompendeza. Utabiri, tamaa, tendo na anguko vyote vimo ndani ya kifua kimoja.

Hussein anavitawanya. Utabiri anampa Kinjeketile, anayepagawa na mzimu Hongo. Tendo linakwenda kwa Kitunda, mpiganaji. Tamaa anawapa watu wote, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mchezo unaanza na wanawake wakizungumzia njaa, kwa kuwa wanaume wako kwenye mashamba ya pamba ya Mjerumani. Maji, dawa ya kuzuia risasi anayoileta Kinjeketile, yanapokuja, kiu ilikwishakuwapo. Na kiu yenyewe haina aibu yoyote. Nani asingetaka kuachana na shamba lile? Ukimtazama Makbeth unaweza kujitenga na tamaa yake. Ya hawa huwezi. Wewe uliyekaa kitini unataka vita vianze, tena unakereka mtabiri anapositasita.

Kwa nini anasitasita? Kwa sababu ya fumbo lililofichwa katikati ya maneno aliyoyatoa akiwa amepagawa: kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unalishangilia pamoja na mengine. Seyyid Said amefariki tangu 1856, na jiji hili lenyewe lilianzishwa na mtoto wake wa kumzaa, Seyyid Majid, kwa hiyo mtazamaji wa Dar ana sababu zake za kusikia kengele mapema. Kinjeketile anachelewa kuisikia. Akizinduka na kuyapima maneno yake, anaona kwamba Hongo amewaahidi kubadilisha bwana tu: atoke Mjerumani, aingie Sultani. Anataka wangoje, wajizoeze kwanza. Umati hauwezi kungoja tena. Utabiri umeshakuwa mali yao.

Kuna sehemu zinazopwaya. Wahusika kadhaa wanaitwa kwa makabila yao tu, Mmatumbi, Mkichi, Mngindo, na mabishano yao juu ya umoja yana harufu ya mkutano wa hadhara wa miaka ile. Hussein anarudi kwenye ubora wake anapomrudia mtu mmoja.

Na kwa huyo mmoja aliigusa historia kwa makusudi. Katika utangulizi wake anasema wazi kwamba huyu si yule Kinjeketile wa kihistoria. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya pamba kung'olewa Nandete, tendo lililoanzisha vita. Boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, na maelfu wakakabiliwa na bunduki za rashasha. Yaani mtu halisi hakuishi kuona maji yakipimwa mbele ya silaha hizo. Hussein anamwacha hai hadi kushindwa kufike, anamfunga gerezani, kisha anamwekea sharti la Wajerumani: aseme maji yalikuwa uongo. Kitunda mwenyewe anamsihi akubali. Imani ya Kinjeketile ilikwishatikisika, lakini anakataa, kwa kuwa watoto wa kesho wangeambiwa kwamba hata kupigania haki yao kulikuwa uongo.

Makbeth anaelewa fumbo la mwisho Macduff akiwa mbele yake na upanga mkononi. Kinjeketile alilielewa lake kabla ya risasi ya kwanza, na Hussein anamlazimisha kukaa nalo jukwaani muda wote uliobaki.